Kukarabati Ukingo wa Mawe Baada ya Dhoruba

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera, ziko mbali na Bahari ya Hindi, na mwanafunzi wa Kayanga au wa Murongo aweza kumaliza masomo yake ya sekondari bila ya kuona maji ya bamvua hata mara moja. Hata hivyo ukingo wa mawe, ambao vitabu vya uhandisi huueleza kwa mifano ya bahari, si kitu kigeni kwake. Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote inayoingia katika Ziwa Victoria, umezizunguka wilaya hizo kwa upande wa magharibi na wa kaskazini, ukiwa mpaka kati ya Tanzania na Rwanda, na halafu kati ya Tanzania na Uganda. Vijito vya milimani hukatiza barabara kwa kupitia makalavati, na midomo ya makalavati hupangwa mawe ili udongo usiliwe na maji. Na upande wa mashariki, mjini Bukoba, mawimbi ya ziwa lenye upana wa zaidi ya kilomita 200 hupiga ufuko mchana na usiku.

Mvua kubwa ikinyesha, au dhoruba ikivuma, mawe hayo huweza kuporomoka. Jambo linalofuata hufanana mahali pengi: watu huyakusanya mawe yaliyoanguka, huyarudisha yalipokuwa, pengine huyashikanisha kwa saruji, na ukingo huonekana mzima. Msimu wa pili huporomoka tena palepale. Mawe ya usoni ndiyo yanayoonekana kuanguka, lakini mara nyingi ubovu ulikwisha anza chini yao na nyuma yao muda mrefu kabla ya dhoruba. Somo hili laeleza ubovu huo ni wa namna gani, na jinsi ukingo unavyoweza kukarabatiwa ili kazi isirudiwe kila mwaka.

Sehemu za ukingo

Ukingo wa mawe si ukuta. Ukuta husimama wima na kuyarudisha mawimbi yalikotoka. Ukingo hulala juu ya mteremko wa udongo, na kazi yake ni kuyachosha maji. Wimbi linapopanda juu ya mawe hupenya katika nafasi zilizo baina yao, hugawanyika, husuguana na nyuso zao, na nguvu yake hupotea kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo nafasi baina ya mawe si kasoro ya ujenzi. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kama ukingo ungekatwa kwa ubavu, sehemu nne zingeonekana. Chini kabisa, mbele, upo mguu, yaani mawe makubwa yaliyozikwa katika handaki ili kuzuia mawe ya juu yasiteleze. Juu ya mteremko wa udongo lipo tabaka la kuchuja, ambalo ni changarawe na kokoto, au kitambaa maalumu cha nyuzi za plastiki kilichoanza kutumiwa kwa kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1950. Juu ya tabaka hilo hupangwa mawe ya uso, kwa kawaida unene wa mawe mawili. Mwisho kipo kichwa, mahali ukingo unapokutana na ardhi tambarare ya juu. Mteremko wa kawaida ni wa 1 kwa 2, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 2 za kwenda mbele.

Katika sehemu hizo nne mpita njia huona mbili tu, uso na kichwa. Mguu na tabaka la kuchuja vimefichwa, na vitu vilivyofichwa ndivyo vinavyopunguzwa fedha zinapokuwa chache.

Jinsi ukingo unavyobomoka

Njia ya kwanza ni kuchimbuliwa kwa mguu. Wimbi linaporudi chini ya mteremko hukutana na wimbi linalokuja, na msukosuko wa maji huinua mchanga uliopo mbele ya mguu. Mtoni jambo hili hutokea hasa kwenye kona, upande wa nje, ambako maji huenda kwa kasi na kina ni kikubwa. Handaki likiwa fupi, mguu hubaki ukining'inia, halafu huzama. Mawe yaliyo juu yake hukosa pa kuegemea, na uso mzima huteremka.

Njia ya pili haionekani kabisa, nayo ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Maji yanapopanda, iwe ni mto uliofurika au bahari iliyojaa, huingia ndani ya udongo ulio nyuma ya mawe na kuujaza. Maji ya mbele yakishuka upesi, yale yaliyo ndani ya udongo hayawezi kutoka kwa kasi ileile, kwa kuwa udongo huyazuia. Kwa muda fulani maji ya ndani huwa juu kuliko maji ya nje, na shinikizo lake huusukuma udongo kuelekea mtoni. Ndiyo maana kingo nyingi hazianguki wakati wa mafuriko yenyewe bali baada yake, mto unapopungua na watu wamekwisha kushukuru kwamba hatari imepita.

Maji hayo yanapotoka hubeba chembe za udongo. Kama kuna tabaka zuri la kuchuja, maji hupita na chembe hubaki. Kama mawe makubwa yamewekwa moja kwa moja juu ya udongo, chembe hupita katika nafasi zilizo baina yao, leo kiganja kimoja, kesho kiganja kingine. Nyuma ya mawe hutokea pango. Uso wa ukingo waweza kukaa hivyo miezi mingi bila ya dalili, mpaka siku moja wimbi lisilokuwa kubwa sana linaupiga na mawe yanatumbukia ndani. Watu husema wimbi limevunja ukingo, hali ukingo ulikwisha kuwa ganda tupu.

Baharini tendo hili hurudiwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku moja. Pwani ya Dar es Salaam tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Mto Kagera, kwa upande wake, hupanda na kushuka polepole, kwa kuwa mabwawa na vinamasi vya mafunjo vilivyo katika bonde lake huyapokea maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo. Vijito vya milimani havina subira hiyo. Huweza kujaa na kupungua kwa saa chache, na kwa hiyo kalavati dogo la barabara ya kijiji laweza kuwa katika hatari kubwa kuliko ukingo wa mto mkuu.

Zipo njia nyingine mbili ambazo zatosha kutajwa kwa ufupi. Maji yakipita juu ya kichwa hulichimba tuta kwa nyuma. Na maji yakizunguka mwisho wa ukingo, ambapo mawe yamekoma ghafula, huula udongo wa pembeni hadi yafike nyuma ya mawe.

Bahari, ziwa na mto

Dhoruba za kitropiki hazifiki Tanzania mara kwa mara, kwa kuwa nchi iko karibu na ikweta, lakini hufika. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya kusini karibu na Lindi, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika eneo la Mafia. Hata hivyo uharibifu mwingi wa pwani hautokani na kimbunga. Hutokana na kazi ya kila siku ya mawimbi ya kusi na kaskazi juu ya ufuko ambao mchanga wake umepungua. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bahari ilikula ardhi kwa miaka mingi hadi hoteli ya Africana ikaachwa. Wataalamu walioichunguza pwani hiyo walitaja uchimbaji wa mchanga katika mito inayoulisha ufuko kuwa mojawapo ya sababu. Ufuko ukishuka, mguu wa kila ukuta na kila ukingo hubaki wazi, hata kama mawe yake ni mazuri namna gani.

Katikati ya jiji, kando ya barabara iliyoitwa Ocean Road na kupewa jina la Barack Obama mwaka 2013, ukuta wa zamani ulibomoka sehemu nyingi na bahari ikaikaribia barabara. Ukuta mpya, wenye urefu wa zaidi ya mita 800, ulikamilika mwaka 2018 chini ya mradi ulioongozwa na Ofisi ya Makamu wa Rais, ukisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Fedha za namna hiyo hazipatikani kwa kila kijito cha Kyerwa, na hili ni jambo la kutiliwa maanani: mahali ambapo fedha ni chache, ukarabati wa kijinga ni ghali zaidi, kwa sababu mawe yaleyale hulipiwa mara mbili na mara tatu.

Ziwa Victoria lina tabia yake. Halina bamvua, lakini usawa wake hubadilika kwa kufuata mvua za miaka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yalipanda tena hadi kukikaribia kiwango cha 1964. Ukingo uliojengwa ufukoni mwa Bukoba kwa kufuata usawa wa miaka ya ukame hujikuta, katika miaka ya maji mengi, ukipigwa kichwani badala ya kupigwa usoni.

Jiwe liwe zito kiasi gani?

Swali hili lilishughulikiwa na Mhispania Iribarren katika miaka ya 1930, na baadaye na Mmarekani Hudson, aliyepima vielelezo vidogo vya kingo katika birika la mawimbi. Kanuni ya Hudson, ambayo wahandisi waitumia hadi leo kwa makadirio ya kwanza, yaweza kuandikwa hivi:

M = ρ × H³ ÷ (K × Δ³ × c)

Hapa M ni uzito wa jiwe kwa kilo, ρ ni msongamano wa jiwe kwa kilo katika mita moja ya ujazo, na H ni kimo cha wimbi kwa mita. Herufi c ni namba ya mteremko. Kwa mteremko wa 1 kwa 2, c ni 2. K ni namba iliyopatikana kwa majaribio, na kwa mawe yenye pembe kali, yaliyowekwa matabaka mawili mahali mawimbi yanapovunjika, huchukuliwa kuwa 2. Δ hupatikana kwa kugawa msongamano wa jiwe kwa msongamano wa maji, halafu kutoa 1.

Chukua jiwe la msongamano 2600 katika maji ya bahari yenye msongamano 1025. Δ ni 1.54 hivi. Kwa wimbi la mita 1, jiwe lapasa kuwa na kilo 180 hivi. Kwa wimbi la mita 2, lapasa kuwa na kilo 1,430, yaani mara 8. Wimbi limeongezeka maradufu, lakini jiwe limeongezeka kwa mchemraba wa maradufu. Mkarabati akikisia kimo cha wimbi vibaya, hata kwa kidogo, amekisia jiwe vibaya kwa kiasi kikubwa.

Msongamano nao una nguvu ya ajabu katika kanuni hii. Jiwe la matumbawe la pwani, likiwa na msongamano wa 1800, lina Δ ya 0.76 tu. Kwa wimbi lilelile la mita 1 litahitaji kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,000. Ndiyo sababu mawe magumu hutafutwa kwa ajili ya kazi za pwani hata yakiwa mbali, na machimbo ya Lugoba, yaliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam, hulisha jiji kwa kokoto na mawe.

Mtoni hakuna mawimbi makubwa, kuna mkondo. Kanuni inayotumika huko yasema kwamba kipenyo cha jiwe hufuata mraba wa kasi ya maji. Kwa jiwe la msongamano 2600, mahali penye msukosuko mwingi kama mdomo wa kalavati, maji yaendayo mita 2 kwa sekunde huhitaji jiwe la kipenyo cha sentimita 17 hivi, ambalo huwa na kilo 7. Maji yakienda mita 3 kwa sekunde huhitaji jiwe la sentimita 39, lenye kilo 80. Uzito hufuata mchemraba wa kipenyo, na kipenyo hufuata mraba wa kasi. Kwa hiyo uzito hufuata kasi iliyopandishwa kwenye kipeo cha 6. Mwanafunzi makini ataona kwamba kanuni hii na ile ya Hudson ni ndugu. Kasi ya maji katika wimbi linalovunjika hufuata kipeuo cha pili cha kimo chake, na hivyo mchemraba wa kimo ni sawa na kipeo cha 6 cha kasi. Maji hayaulizi kama yako baharini au mtoni.

Mawe ya Karagwe

Katika jambo la mawe wilaya hizi zimebahatika. Wanajiolojia waliipa miamba ya eneo hili, pamoja na ile ya Ankole nchini Uganda, jina la Karagwe-Ankole. Ni miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, na imepangika kwa zamu: kwatsaiti, ambayo ni ngumu na ndiyo inayobeba migongo mingi ya vilima, na miamba laini ya matabaka, ambayo imeliwa na mvua hata ikawa mabonde. Kwatsaiti ni jiwe zuri la ukingo. Miamba ya matabaka huonekana mizuri ikichimbwa, na huvutia kwa kuwa hupasuka kwa urahisi na kutoa vipande bapa vinavyopangika. Lakini ikilowa na kukauka mara nyingi hugawanyika kama kurasa za kitabu, na jiwe la kilo 50 huwa mawe kumi ya kilo 5.

Shule yaweza kuyapima mawe bila ya maabara kubwa. Jiwe hugongwa kwa nyundo: jiwe zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti butu. Halafu hupimwa kwa mizani ya kuning'inia, kwanza hewani na kisha likiwa limezama katika ndoo ya maji. Kwa kanuni ya Archimedes, uzito wa hewani ukigawanywa kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili hutoa msongamano wa jiwe ukilinganishwa na wa maji. Jiwe lenye kilo 5.2 hewani na kilo 3.2 majini lina msongamano wa 2.6. Mwisho, jiwe kavu hupimwa, hulowekwa siku nzima, na kupimwa tena. Likiwa limekunywa maji zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, litiliwe shaka.

Kazi ya ukarabati

Kazi huanza kwa kutazama, si kwa kubeba. Mkarabati husubiri maji yashuke. Pwani hungoja maji kupwa ya bamvua, ambapo mguu huonekana kwa saa chache, na mtoni hungoja kiangazi. Hupima urefu wa sehemu iliyobomoka, huchora ubavu wake, na huuliza mawe yamekwenda wapi. Yakiwa yameteremka mbele ya mguu, basi mguu ndio uliokosa. Yakiwa yametumbukia ndani, udongo umetoroka kwa kukosa kuchujwa. Yakiwa mahali pake lakini tuta la nyuma limekatika, maji yalipita juu ya kichwa. Na yakiwa yametawanyika mbali, yalikuwa mepesi mno. Ukaguzi huu hauna gharama, na pengine ndiyo sababu hurukwa.

Mawe yaliyolegea huondolewa kwa mtaimbo, pamoja na yale ya pembeni yanayoonekana kushika lakini yakigongwa yana uwazi nyuma yake. Yafaa kubomoa mita 1 au 2 zaidi ya ufa kila upande, mpaka pafikiwe sehemu iliyo imara. Mawe huchaguliwa kwa ukubwa na yaliyopasuka hutengwa. Udongo uliolowa na kuwa tope hutolewa wote, na mteremko ulio imara hukatwa kwa ngazi ndogo, ili udongo mpya ushikamane na wa zamani. Udongo mpya hujazwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20 na kushindiliwa, kila tabaka kwa zamu yake. Kumwaga lori zima la udongo na kulishindilia juu tu ni kujaza shimo kwa hewa.

Handaki la mguu huchimbwa chini ya kina ambacho maji yalichimba mara ya mwisho. Kama mwamba uko karibu, mguu huketishwa juu yake. Kama ni mchanga mtupu na handaki refu haliwezekani, mawe ya ziada hulazwa mbele ya mguu kama mkeka mpana; mchanga ukichimbuliwa, mawe hayo huteremka yenyewe na kuliziba shimo.

Kisha hufuata tabaka la kuchuja, ambalo lina sayansi yake. Karl Terzaghi, mwanzilishi wa elimu ya mekanika ya udongo, alitoa sharti ambalo kwa maneno mepesi lasema hivi: chembe ndogo za tabaka la juu zisizidi mara 4 au 5 ya chembe kubwa za tabaka lililo chini yake. Chembe ndogo hapa ni ukubwa ambao asilimia 15 ya udongo hupita katika chekeche, na chembe kubwa ni ule ambao asilimia 85 hupita. Kama chembe kubwa za udongo wa tuta ni za milimita 0.5, chembe ndogo za changarawe zisizidi milimita 2.5. Changarawe hiyo nayo ni ndogo mno kuwekewa mawe ya sentimita 20 juu yake, kwa hiyo huwekwa tabaka la pili la kokoto kati yake na mawe. Kitambaa cha nyuzi za plastiki chaweza kuchukua nafasi ya tabaka la kwanza. Hulazwa kikiwa kimelegea kidogo, vipande vikipishana kwa nusu mita hivi, na mawe yasiangushwe juu yake kutoka kwenye lori. Kitambaa kilichotoboka hakichuji chochote pale kilipotoboka.

Mawe ya uso hupangwa kutoka chini kwenda juu. Kila jiwe hulazwa urefu wake ukielekea ndani ya mteremko, liguse wenzake angalau mahali patatu, na lisitikisike likikanyagwa. Mafundi wengi hupenda kuonyesha uso bapa wa jiwe nje, kwa kuwa hupendeza. Jiwe lililowekwa hivyo limesimama kama kigae, na wimbi hulivua kwa urahisi. Vijiwe vya kukazia hutumika kwa uchache.

Je, mawe yashikanishwe kwa saruji? Mahali pengine, kama mdomo wa kalavati, hufanywa hivyo kwa mawe madogo. Lakini uso uliozibwa huzuia maji ya ndani kutoka, na lile shinikizo la nyuma lililoelezwa hapo juu huongezeka. Uso wa saruji bila ya matundu ya kutolea maji, na bila ya kokoto za kuchuja nyuma ya kila tundu, ni mbaya kuliko uso wa mawe makavu. Isitoshe, hauwezi kukaa upya udongo ukititia. Hupasuka, hali mawe makavu huteremka pamoja na udongo na kuendelea na kazi. Makasha ya waya yaliyojazwa mawe, yanayojulikana kama gabioni, hutumika sana barabarani kwa sababu hiyo ya kukubali kutitia, na pia huruhusu mawe madogo kufanya kazi ya mawe makubwa. Ila waya huliwa na kutu, na upesi zaidi katika maji ya chumvi.

Miisho ya ukingo huingizwa ndani ya ardhi kwa mita kadhaa badala ya kukomeshwa ghafula. Juu ya kichwa hutengenezwa mfereji wa kuyaongoza maji ya mvua yasishuke juu ya mawe.

Hesabu ya mawe haina ugumu. Sehemu yenye urefu wa mita 10, mteremko wa mita 4 na unene wa mita 0.6 ina ujazo wa mita 24. Asilimia 40 hivi ni nafasi tupu baina ya mawe, kwa hiyo mawe yenyewe ni mita 14.4 za ujazo, ambazo kwa msongamano wa 2600 ni tani 37 na zaidi. Kwa lori la tani 7 hizo ni safari 6. Kama nusu ya mawe ya zamani yanafaa, safari zinabaki 3, na hapo faida ya kuyachagua mawe badala ya kuyaacha mtoni huonekana wazi.

Mahali ambapo kasi ya maji ni ndogo, mawe yaweza kusaidiwa na mimea. Mafunjo na matete ya Kagera hupunguza mwendo wa maji na mizizi yake hushika udongo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na ukanda huo ukiachwa na majani yake, mawe mengi hayatahitajika. Mtu achimbaye mchanga mbele ya mguu wa ukingo, kwa upande mwingine, anafanya kazi ya dhoruba bila ya dhoruba.

Jaribio la darasani

Chukueni makarai mawili makubwa. Katika kila moja tengenezeni tuta la mchanga mwembamba lenye mteremko wa 1 kwa 2. Juu ya tuta la kwanza pangeni mawe ya ukubwa wa yai moja kwa moja juu ya mchanga. Juu ya tuta la pili tandazeni kwanza mchanga wa chengachenga, kisha kokoto ndogo, halafu mawe yaleyale. Tieni maji hadi nusu ya mteremko, na kwa ubao fanyeni mawimbi madogo 200 katika kila karai. Kila baada ya mawimbi 50 pimeni kwa rula kimo cha jiwe la juu na mwandike. Mwishoni yaondoeni mawe polepole na mtazame umbo la mchanga chini yake. Darasa lenye muda lirudie jaribio kwa kuyashusha maji ghafula badala ya kufanya mawimbi.

Mazoezi

1. Duara tatu zilizo sawa, kila moja yenye nusu kipenyo R, zimegusana. Tafuteni nusu kipenyo cha duara kubwa kabisa inayoweza kuingia katika nafasi iliyo katikati yake. Elezeni uhusiano wa jibu na sharti la Terzaghi.

2. Jiwe lina kilo 7.8 hewani na kilo 4.8 majini. Tafuteni msongamano wake, na kwa kanuni ya Hudson tafuteni uzito unaohitajika kwa jiwe la aina hiyo katika ukingo wa ziwa wenye mteremko wa 1 kwa 2, wimbi likiwa la mita 1.

3. Baada ya misitu ya kilima kukatwa, kasi ya maji katika mdomo wa kalavati imeongezeka kutoka mita 2 hadi mita 2.5 kwa sekunde. Uzito wa jiwe linalohitajika umeongezeka mara ngapi?

Majibu: (1) 0.155R, (2) kilo 2600 kwa mita ya ujazo, na kilo 159 hivi, (3) mara 3.8.